Ndizi zimegeuka kijivu kwenye friji na hazitaki kuiva

MamaJusi_Kiboriloni:
Habari za jioni wadau. Nauza jusi na matunda ya kukatakata hapa Kiboriloni, Moshi. Juzi juzi nilinunua mkungu wa ndizi aina ya kimalindi uliokomaa, bado wa kijani, na nusu tenga la maembe dodo mabichi. Nikaona nikiviacha nje vitaiva vyote kwa mpigo na wateja sina wa kuvimaliza, basi nikavijaza kwenye friji. Siku ya tano natoa, ndizi zimekuwa za kijivu. Nimekwangua ganda moja kwa kucha, chini yake kuna vijistari vya kahawia. Nimeziacha mezani wiki nzima, ni ngumu na utamu hakuna. Maembe nayo ganda limebonyea vidoa vidoa, ndani yamepooza. Friji ni nzima, maziwa yanakaa vizuri. Mtaji wangu wote umelala pale. Nimekosea wapi?

Chumba_cha_Baridi_AR:
Pole sana dada. Nafungasha parachichi Arusha, na baridi ndiyo kazi yangu ya kila siku. Friji ya nyumbani huwa kwenye nyuzi 4 hivi, sawa kwa maziwa. Ndizi ikishuka chini ya nyuzi 13 inaumia: utomvu ulio kwenye ganda unageuka kahawia, ndivyo hivyo vijistari ulivyoviona, na ile kazi ya kugeuza wanga kuwa sukari inavurugika. Hata ukiirudisha kwenye joto, haiponi. Embe bichi linataka nyuzi 10 hadi 13. Hata parachichi ngumu aina ya Hass, ambazo ni vumilivu, tunaziweka kwenye 5 hadi 7 na tunazichunga. Baridi ikizidi, nyama yake inakuwa nyeusi. Tunda likishaiva ndipo linavumilia friji siku chache. Ganda la ndizi mbivu litakuwa jeusi, ila ndani ni nzima kabisa. Hizo zako usizisubiri tena, zisizooza zipike na nyama.

Mzee wa Kihamba:
Mama, baridi ya nini? Ndizi inavundikwa. Sisi huku Kibosho tunafunika na majani makavu ya mgomba, tunapitisha moshi kidogo. Wewe dukani tumia boksi. Usivundike mkungu mzima! Kata chane mbili, weka na pasheni mbivu mbili tatu, funika. Chane zilizobaki zikae kivulini penye upepo, mbali na tunda lolote lililoiva.

Chumba_cha_Baridi_AR:
Mzee kasema kweli tupu. Ile gesi ya kuivisha, etilini, imo kwenye moshi, na pasheni inaitoa kwa wingi mno. Ndiyo maana zilizobaki lazima zikae mbali.

MamaJusi_Kiboriloni:
Shikamoo mzee, asanteni sana wote. Nimenunua mkungu mwingine mdogo, nimevundika chane mbili tu. Leo siku ya nne nimefunua boksi: harufu imejaa duka zima, ganda la njano, vikonyo bado vina ukijani kidogo. Kesho navundika mbili nyingine.