Zile ghorofa za zamani mjini kati Mwanza, mwenye historia aje

Sangara_Mkavu
Wakuu habari za leo. Nina fremu ya vifaa vya simu chini ya ghorofa moja ya zamani huku upande wa Makoroboi, juu ina roshani, na kwenye paji la nyumba kuna mwaka ila imepakwa rangi juu ya rangi mpaka tarakimu ya mwisho haisomeki, naona 193 basi. Wageni wanapiga picha kila siku wananiuliza mi natoa macho tu. Hivi hizi nyumba kwa nini zinafanana zote? Na mwenye nyumba anataka kupiga plasta ya saruji nje yote, ni sawa?

DagaaKirumba
Hiyo 193 imeshakupa nusu ya jibu mkuu. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928, kabla ya hapo njia kubwa ya mzigo ilikuwa Mombasa, treni mpaka Kisumu kisha meli ziwani. Reli ilipokuja pamba ya Usukuma ikawa inashuka Dar, hela ikazunguka na wafanyabiashara wa Kihindi wakaporomosha mijengo.

Kufanana ni kwa sababu kazi ilikuwa moja, chini duka na kibaraza cha kukinga jua na mvua, juu familia inaishi, nyuma ua wenye jiko na stoo. We angalia ngazi, mara nyingi zimewekwa pembeni au uani ili mama na watoto wapande bila kukatiza katikati ya wateja. Dari ziko juu na vitundu vya hewa juu ya madirisha, joto linapanda linatoka lenyewe. Hizi za vioo za sasa hivi bila AC unaiva humo ndani.

bibi_mapande
Mmeruka 1971 nyie. Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi laki moja, na jengo likishapita miaka 10 mwenyewe hapati fidia hata senti. Ndo maana wazee wanasema nyumba za Msajili, alikuwepo Msajili wa Majumba mpaka 1990 akaunganishwa na NHC, yaani Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo jina lililoandikwa juu ya nyumba siku hizi halikwambii mmiliki.

FundiTofali
Kuhusu plasta, mwambie asubiri kwanza. Kwangua kidogo pale rangi ilipobanduka, ikitoka laini nyeupe kama unga hiyo chokaa, na ukuta wa chokaa unapumua, ukiuziba na saruji maji yanakosa pa kutokea yanabaki ndani, baada ya muda plasta inavimba inadondoka na vipande vya ukuta. Chokaa irudishiwe chokaa.

Alafu msitegemee sheria iwalinde, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, mji wetu wenyewe Wajerumani wameuanzisha 1892 sasa hapo piga hesabu. Mpaka waziri atangaze jengo moja moja.

Sangara_Mkavu
Asanteni sana aisee. Nimekwangua nyuma ya mlango, unga mweupe kabisa. Sasa fundi wa chokaa nampata hapahapa Mwanza au mpaka nimtoe Unguja??

FundiTofali
Njoo PM na picha ya ukuta, na ya ngazi pia