Mshahara mmoja ulinunua nyumba Marekani ya miaka ya 1950. Sawa, lakini ni mshahara wa nani?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Ipo picha inayozunguka mitandaoni kila baada ya muda. Baba kavaa kofia, kaegemea gari refu lenye mapezi nyuma. Mama yuko mlangoni na aproni yake, watoto wawili, mbwa mmoja, nyasi zimenyolewa kama kichwa cha kuruta. Chini yake wameandika kwamba enzi hizo mshahara mmoja ulilisha familia na kununua nyumba. Hapo ndipo vilio vinapoanza, na wengine kuwatukana vijana wa leo kwamba ni wavivu.

Sibishi kwamba mshahara ulitosha. Nataka tuangalie ulimtosha nani, na nani alisimama mdhamini wa ule mkopo.

Chukueni Levittown ya New York, maana ndiyo mama wa mitaa yote ya namna ile. Palikuwa mashamba ya viazi, Long Island. Mwaka 1947 William Levitt, pamoja na baba yake Abraham na mdogo wake Alfred, wakaanza kumwaga zege, na kufikia 1951 walishasimamisha nyumba 17,447. Kazi ilikatwa vipande zaidi ya 20, kila kikosi na kipande chake, hadi wa rangi nyeupe hagusi nyekundu. Kwenye kiwanda cha magari fundi husimama na gari likamfuata. Hapa nyumba ilisimama, mafundi ndio waliohama kiwanja hadi kiwanja. Siku kazi ilipokolea zilikamilika nyumba zaidi ya 30.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya kulala na bafu moja, mita za mraba kama 70, huko darini ukamalizie mwenyewe. Kiwanja futi 60 kwa 100. Wenzetu wa Kenya waliozoea hamsini kwa mia wataipata picha haraka. Hawa wanaoililia leo, ukiwakabidhi funguo zake, watakuuliza chumba masta kiko wapi.

Mwaka 1949 iliuzwa dola 7,990, na toleo la 1950 lilikuja na televisheni imechomekwa ukutani chini ya ngazi. Askari aliyerudi vitani hakuhitaji kianzio, kwa sababu sheria ya 1944 iliifanya serikali kuwa mdhamini wake. Nyuma ya mjenzi nako kulikuwa na FHA, chombo cha serikali cha tangu 1934, kinachoihakikishia benki kwamba pesa yake haitapotea. Ulikuwa ujamaa wa aina yake, ila hawakuuita hivyo.

Sasa someni kifungu cha 25 cha mkataba wa kupanga wa mwanzo, maana mwanzoni nyumba hizo zilipangishwa kabla ya kuuzwa. Mpangaji anakubali kwamba nyumba haitatumiwa wala kukaliwa na mtu asiye mzungu. Halafu wakaongeza: kuajiri watumishi wa ndani wasio wazungu ruksa. Yaani mtu mweusi aliweza kuosha vyombo mle ndani, mradi sinki lisiwe lake.

Swali langu: lawama abebe nani, serikali, mjenzi au wanunuzi? Mimi nasema mjenzi, kabla ya wote. Karibuni, povu ruksa.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umepanga hoja vizuri halafu umempiga mtu asiye mwenye kosa. Mwenyewe umesema mdhamini alikuwa FHA. Miongozo ya FHA ndiyo iliyotaka mtaa uwe wa watu wa rangi moja, ikihofia thamani ya nyumba kushuka. Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua mwaka 1948 kwamba masharti ya rangi kwenye hati za nyumba hayatekelezeki mahakamani, na bado FHA ikachukua muda kuyaacha. Na upande wa askari ni hivyo hivyo: mwaka 1947, katika miji 13 ya Mississippi, mikopo iliyodhaminiwa ilizidi 3,200, na maveterani weusi walipata 2. Wawili, si asilimia mbili. Levitt angefanya nini? Aligomee dirisha analochukulia pesa?

Na tuwe wakweli, watu walikuwa na shida ya nyumba. Wamarekani waliomiliki nyumba zao walikuwa chini ya asilimia 44 mwaka 1940, ikafika karibu 62 mwaka 1960. Mwaka 1959 Nixon, makamu wa rais wa Marekani, aliweza kusimama Moscow mbele ya jiko la maonyesho na kumwambia Khrushchev, kiongozi wa Usovieti, kwamba mfanyakazi wa kiwanda cha chuma anaimudu nyumba ile. Aliringa, lakini hakudanganya.

Mchangiaji wa pili

Wanaume mmeshindana kwa mikopo, naomba niingize mguu kidogo. Levittown kulikuwa na kanuni za kamba ya nguo. Ni marufuku kufunga kamba ukaanika kama sisi. Unatumia mwavuli wa kuanikia ule wa kuzunguka, na wikiendi usionekane na nguo nje. Uzio ni marufuku. Nyasi usipokata, Levitt anatuma watu wakukatie kisha unaletewa bili. Nani mnadhani alikuwa akiishi na kanuni hizo kutwa? Huyo baba wa kwenye picha alikuwa kwenye treni ya mjini.

Ndiyo maana Tupperware, kampuni ya vyombo vya plastiki, walifanikiwa vile walipohamishia biashara yao sebuleni kwa akina mama kuanzia 1951. Wanakutana nyumbani kwa mmoja wao, wanacheza michezo, wananunua vyombo, na mwenyeji anapata zawadi yake. Aliyeuendesha mtindo huo, Brownie Wise, ni mwanamke aliyekuwa akilea mtoto peke yake, na mwaka 1958 kampuni ikamwondoa. Wale wa "mshahara mmoja" hiyo hesabu ya mshahara wa pili wa mama hawaiweki.

Mleta mada

Dada, hiyo ya bili ya nyasi imenikalia vizuri. Mtu anayejua siku usiyokata nyasi hawezi kuniambia hakuwa na mamlaka juu ya nani anapangishwa.

Nirudi kwa mkuu wa kwanza. Mwaka 1954 Levitt mwenyewe alisema: tunaweza kutatua tatizo la nyumba, au tujaribu kutatua tatizo la rangi, lakini yote mawili kwa pamoja hatuwezi. Mwaka huo huo, jirani kabisa na Levittown yake ya pili iliyoko Pennsylvania, mjenzi Morris Milgram alikuwa anajenga Concord Park, nyumba 139 za weusi na wazungu kwa pamoja. Alijenga, akauza, watu wakahamia. Kwa hiyo "hatuwezi" ilikuwa "hatutaki".

Mchangiaji wa kwanza

Malizia hadithi basi. Milgram alizungushwa sana na wakopeshaji kabla ya kupata pesa. Nyumba 139! Levitt pale Pennsylvania alijenga 17,311. Mfano wako unaonyesha bei ya kuwa mwema ilikuwa kiasi gani, na bei hiyo ilipangwa na serikali.

Mchangiaji wa tatu

Wote mmewasahau majirani. Agosti 1957, Levittown ya Pennsylvania, Bill na Daisy Myers walihamia na watoto wao watatu. Hawakununua kwa Levitt, walinunua kwa mwenye nyumba. Bill alikuwa askari wa vita ya pili kama baba wengine wa mtaa ule. Inasimuliwa kwamba mtu wa posta alimkuta Daisy mlangoni, akamdhania mfanyakazi wa ndani, akamuuliza Bi Myers yuko wapi. Ndiye mimi, akajibiwa. Muda mfupi habari ilishafika mtaa mzima.

Usiku mamia ya watu walijaa nje na mawe yakavunja madirisha. Nyumba tupu ya nyuma yao ikageuzwa kijiwe, ikatundikwa bendera ya majimbo ya kusini yaliyojitenga kutetea utumwa, muziki ukafunguliwa kwa sauti kuu mchana na usiku ili wasilale. Ukuta wa jirani Myahudi aliyewasaidia ukaandikwa KKK, kile kikundi cha wazungu wabaguzi. Polisi wa jimbo wakaja, mahakama ikatoa zuio, familia ikabaki miaka kama minne. Afisa gani wa FHA alirusha jiwe?

Mleta mada

Hakuna. Lakini huyo mtu wa posta alikuwa akitekeleza kifungu cha 25 bila kukisoma. Miaka kumi nyuma mkataba ulishawafundisha watu kwamba mweusi akionekana mlangoni ni mtumishi.

Mchangiaji wa pili

Swali kwa mleta mada. Huyo Milgram wako alikuwa na kiwango: wazungu 55, weusi 45 katika kila mia, kwa hofu kwamba weusi wakizidi wazungu watakimbia. Kwa hiyo familia nyeusi yenye pesa mkononi iliweza kurudishwa kwa kuwa nafasi za rangi yake zimejaa. Naye tumweke kundi gani?

Mleta mada

Hapo umenibana, dada. Angekiondoa kile kiwango, wazungu wangekataa kununua na wakopeshaji wangemkimbia. Ndiyo hoja ileile ya Levitt niliyoikataa hapo juu. Nahitaji kulala nayo. Kama kuna mtu ana jibu, aweke.