Siku tano za likizo: Wagagai, Moroto au Kadam?

MtembeziMbale: Wakuu, mwezi wa kwanza nina siku tano. Vilima vya Sipi nimevimaliza, sasa nataka mlima wa kweli usio na msongamano. Nimebaki na milima mitatu ya hapa Uganda: kilele cha Wagagai kule Elgon (mita 4,321), Moroto (3,083) na Kadam (3,063). Nishaurini.

Budadiri_Juu: Wagagai, ndugu. Shika njia ya Sasa kutoka Budadiri. Majabali ya Mudangi yana ngazi, unalala kambi ya Mude, alfajiri unaelekea kileleni. Askari wa hifadhi yuko nawe, maji yapo. Siku nne zinatosha.

KijanaWaKaramoja: Yote kweli, lakini mwenzetu kasema hataki msongamano. Basi ni Kadam. Ukitoka Mbale kwenda Moroto, ukishapita hifadhi ya wanyama ya Pian Upe, unauona kulia, mawe yamesimama kama minara. Watu huupiga picha dirishani, basi likaendelea. Inaniuma, maana mlima ule ni mzuri mno.

Mara ya kwanza nilichukua kiongozi wa mjini, saa nne tukawa tumepotea kwenye nyasi zinazotupita kimo. Mara ya pili nikaenda na mzee wa Kitepeth, mwenyeji wa huko huko juu. Tuliondoka Nakapiripirit, mji ulio chini ya mlima, saa kumi na moja alfajiri. Kila boma alisimama kusalimia, salamu ndefu, nami moyoni naona jua linapanda. Kumbe alikuwa anauliza kijito kipi bado kina maji! Viwili nilivyovitegemea vilikuwa vimekauka. Lita zangu nne ziliisha kabla ya adhuhuri, tukaokolewa na zile salamu.

Njia hazina alama wala kambi. Vaa suruali nzito. Mbegu za nyasi ziliniingia kwenye soksi hata nikazitoa moja moja kwa kibano usiku ule.

Mama Tembea: Kijana kasema vyema, ila msimtume mtu Kadam kienyeji. Mkoa ule wa Karamoja wizi wa mifugo huwasha moto ghafla, hali ya mwezi uliopita siyo ya leo. Pita kwanza wilayani, uulize usalama. Mwanangu, mimi ningeanza na Moroto: mlima uko mgongoni mwa mji, unalala kitandani, unapanda asubuhi, ukichoka unageuza. Nako juu wanaishi Watepeth, kwa hiyo kiongozi ni yule yule wa kutafuta, mwenyeji.

MtembeziMbale: Asante mama, asanteni wakuu. Nikianza Moroto siku mbili, kisha nishuke Nakapiripirit kwa Kadam, miguu itakubali?

KijanaWaKaramoja: Itakubali ukipumzika siku moja katikati. Maji beba lita sita, si nne. Na mzee akisimama kusalimia, simama naye.