Mnalipa buku kuingia grupu la riwaya "za bure", halafu mnaniambia hamna hela?

Wakuu, salamu kwenu. Sitazunguka. Nina hasira tangu Jumanne na leo nimeamua kuitua hapa, maana kule WhatsApp nimeshaondolewa kwenye grupu kwa kosa la kuuliza kwa nini kitabu changu kinauzwa na mtu nisiyemjua.

Naandika riwaya. Zile za kusoma kwenye simu: sehemu 20 za kwanza naziweka bure Facebook, ukitaka kuanzia ya 21 mpaka mwisho unatuma sh 3,000 nakutumia PDF. Hii ya mwisho imenichukua miezi saba. Naandika usiku watoto wakishalala, kwa sababu mchana nipo kwenye cherehani. Kijana wa kava nimemlipa 15,000, aliyepitia makosa nimempa 40,000. Wiki ya kwanza wakanunua watu 61. Pigeni hesabu, ni 183,000. Nilifurahi jamani. Nilikuwa naangalia meseji za miamala mara mbili mbili.

Wiki ya pili simu ikanyamaza. Leo muamala mmoja, kesho hakuna, kesho kutwa hakuna. Nikajua hadithi ni mbaya. Na hili limeniuma kuliko hela yenyewe: wiki mbili nzima najiuliza nimekosea wapi, narudia kusoma sura za mwisho, mpaka nikataka kumfufua mhusika niliyemuua. Kumbe muda wote huo hadithi inasomwa na mamia ya watu.

Jumanne mteja wangu mmoja akanitumia picha ya skrini: "Dada, hii si yako?" Grupu lina watu 1,024, yaani limejaa mpaka pale WhatsApp inapokataa kuongeza mtu, na admini ameshafungua la pili. Kiingilio sh 1,000. Ukishaingia, PDF zote "bure". Sikuwa na namna, nikatuma buku nikaingia. Nililipa kiingilio kwenda kukiona kitabu changu mwenyewe.

Nikafungua faili. Ukurasa wa kwanza, pale nilipoandika jina langu na namba ya malipo, namba imefutwa, imewekwa yake. Nikaenda ukurasa wa 43. Toleo la mwanzo kabisa nilikosea hapo, niliandika "alifungua mlangi", nikasahihisha baada ya wateja kama 30 hivi. Faili la kwenye grupu lina "mlangi". Maana yake limetoka siku mbili za kwanza, kwa mmoja wa wale watu 30 waliowahi kabla ya wengine, ambao nilimshukuru kila mmoja kwa jina lake.

Nikamfuata admini inboksi kwa adabu kabisa. Jibu lake nalinukuu lilivyo: "Dada usiwe na roho mbaya, mi nakutangazia jina. Na mwanzoni nimeandika haki zote ni za mwandishi." Nikamwambia kaka, kama haki zote ni za mwandishi, hiyo buku ya kiingilio mbona haijafika kwa mwandishi? Akanitoa. Wanagrupu wawili wakanifuata kunitukana, mmoja akasema aliyenunua PDF ni yake, anaweza kumpa amtakaye kama anavyoazima kitabu.

Sasa tuongee sheria, kwa sababu kila nikilalamika naambiwa "si wizi, ni kushea tu".

Tanzania Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, Sura ya 218. Zanzibar wana yao ya 2003, Kenya wana yao ya 2001. Haki ya kunakili kazi na kuisambaza ni ya mtunzi au aliyepewa na mtunzi. Haki hiyo inakuwepo tangu umeandika, wanaoniuliza "kwani umesajili COSOTA?", ile ofisi ya hakimiliki, wajue usajili unasaidia ushahidi tu, kutosajili hakuifanyi kazi yangu kuwa mali ya umma. Na haiishi kesho: inadumu maisha yangu yote na miaka 50 baada ya kufa, yaani mpaka wanangu wazeeke. Juu ya hapo kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24, ambayo inamgusa anayekiuka hakimiliki kwa kutumia kompyuta au simu. Inatofautisha anayefanya biashara na asiyefanya biashara, wa biashara akibanwa zaidi, lakini wote wawili ni wakosaji. Kwa hiyo "mimi siuzi, natoa bure" si utetezi. Na kuandika "haki zote ni za mwandishi" juu ya mali uliyoichukua bila ruhusa yake hakukupi ruhusa. Ni kukiri kwamba unajua mwenyewe ni nani.

Hoja ya kuazima naielewa, na wanaoitoa si wote wabaya. Kitabu cha karatasi ukishanunua, kiazime, kiuze mtumba, sina neno. Lakini ukimwazima jirani kanga, wewe huna kanga mpaka airudishe. PDF ukimtumia jirani, wewe unayo na yeye anayo, na kesho anayo shemeji yake. Hapo hujaazima, umechapisha nakala mpya. Hata Ulaya walijaribu: kampuni ya Uholanzi iitwayo Tom Kabinet ilitaka kuuza vitabu vya kidijitali vya mtumba, mahakama ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg ikasema Desemba 2019 kwamba hiyo ni kupeleka kazi kwa umma na inahitaji ruhusa ya mwenye haki. Mumeo akisoma kwenye simu yako, mdogo wako akisoma ukimaliza, sheria yetu yenyewe ina nafasi ya matumizi binafsi na mimi siwezi kukufuata chumbani. Watu 1,024 si matumizi binafsi.

Lakini sheria siyo iliyonifanya nifungue uzi. Kilichonifanya nifungue uzi ni ile buku.

Kila siku naambiwa Watanzania hawanunui kazi za sanaa, hali ngumu, vitu vya mtandaoni watu wanataka bure. Uongo! Hao watu 1,024 wametoa hela. Hata kama nusu waliingizwa kwa undugu, bado kuna laki tano zimekusanywa kwenye grupu moja kwa kazi ambazo aliyekusanya hajaandika hata aya. Na wote walitoa hela ya bando juu yake.

Na si jambo la leo. Wengi humu tumejaziwa muvi na nyimbo kwenye flashi pale steshenari, na mimi nikiwemo enzi za chuo. Tulikuwa tunalipa! Unasimama foleni, unachagua kwenye orodha, unalipa kwa idadi. Hela yote iliishia kwa mwenye kompyuta. Mwaka 2013 serikali ikaleta stempu za TRA, mamlaka ya mapato, za kubandika kwenye CD na DVD za filamu na muziki, ili halali ijulikane. Flashi ungeibandika wapi stempu? Wakati tunabandika stempu kwenye makasha, watu wameshahama.

Kwa hiyo wanaosema "hatuna hela" naomba waache. Hela mnayo, mnampa asiyestahili. Na wanaosema watu walipe kwa kuogopa sheria nao wakumbuke yaliyotokea Marekani. Napster, programu ya watu kupeana nyimbo bure mtandaoni, ilianza 1999, ilipofika 2001 mahakama imeshaibana mpaka ikazimwa. Kampuni za muziki zikashtaki watu mmoja mmoja. Mama mmoja wa Minnesota mwisho wa yote akaamriwa kulipa dola 222,000 kwa nyimbo 24. Watu hawakuacha, walihamia programu nyingine. Waliorudi kununua walirudi kwa sababu Apple mwaka 2003 ilifungua duka ambalo wimbo mmoja ni senti 99, unabonyeza, unao.

Hapo nawasema na waandishi wenzangu, tusikimbie. Grupu la mwizi ni rahisi kuliko sisi. Mtu analipa saa tano usiku, hadithi imemshika, anataka ya 21 sasa hivi, mimi nimelala. Anaipata saa mbili asubuhi, hamu imeshaisha. Admini anazo zote, mahali pamoja, saa zote. Hilo ni kosa letu na lazima tulirekebishe, na nipo tayari mwenye ujuzi wa mfumo wa malipo unaotuma faili wenyewe anifuate tuongee.

Ila wapo wanaonunua hata baada ya kuvuja, na niliwauliza kwa nini. Mmoja ni mwalimu, aliipata bure kwenye lile grupu, akaisoma mpaka katikati, kisha akanitumia 3,000 kwa sababu faili la grupu linakatika ukurasa wa 180 na lina matangazo ya mikopo katikati ya sura. Mwingine yupo Muscat, anafanya kazi za ndani. Hawezi kunitumia M-Pesa kutoka kule, anamwambia mdogo wake Tanga atume. Alinitumia sauti, kwa nyuma nasikia vyombo vinaoshwa: "Dada mwandishi, mimi nikikulipa najua ya pili itakuja. Na nikikuuliza yule Salma alikuwa anajua au hajui, utanijibu. Huyo wa grupu nitamuuliza nini?" Niliisikiliza mara nne.

Huyo mama, mshahara wake na umbali wake, analipa. Wewe uliyeko Ubungo na simu ya laki sita unaniambia buku tatu ni nyingi?

Nilipofikia mpaka sasa: nimejaza fomu ya WhatsApp ya kuripoti ukiukaji wa hakimiliki. Nimetunza rasimu zangu zote zenye tarehe, picha za skrini, faili lenye namba iliyobadilishwa, na muamala wangu wa buku unaoonyesha jina lililosajiliwa kwenye hiyo namba. Jina sitaliweka hapa, msiniombe. Jumatatu napeleka kila kitu kunakohusika. Mwandishi yeyote ambaye kazi yake ipo kwenye grupu hilo anifuate inboksi twende pamoja. Niliona riwaya za watu wasiopungua 12 ninaowafahamu.

Na wewe uliyenunua ndani ya zile siku mbili ukaitoa, sikujui na sitaki kuanza kuwashuku wote 30. Nimekaa naangalia majina yenu kwenye simu, mmoja mmoja, na siwezi tena kuwaandikia kama zamani. Hilo umeniharibia wewe.

Sehemu ya pili imekamilika, kurasa 212. Ipo kwenye laptopu tangu mwezi uliopita na sijaitoa. Wateja wangu mnaonidai mnisamehe, nitaitoa nikishajua naitoaje. Admini, kama upo humu, nataka mambo mawili: toa kitabu changu kwenye magrupu yote mawili, na urudishe ulichokusanya kwa jina langu. Namba yangu ya malipo unaijua. Ndiyo ile uliyoifuta ukurasa wa kwanza.