FOC: vipimo vya mkondo vinaruka dyuti ikipita 93%, na mota inatetemeka mwendo mdogo

koili_tatu:
Wakuu, naomba msaada. Naandika fimwea ya FOC (udhibiti wa mota kwa kufuata uelekeo wa sumaku yake) ya mota isiyo na brashi: 24 V, jozi 7 za ncha za sumaku, PWM (kuwasha na kuzima swichi haraka ili kupata volteji ya wastani) ya kHz 20 inayohesabu kupanda na kushuka, shunti tatu (vipinga vidogo vya kupimia mkondo) upande wa chini, enkoda (kipima pembe) kwenye shafti. Mwendo wa kati hauna tatizo. Ikizunguka polepole, inatetemeka mara sita kwa kila mzunguko wa umeme (shafti ikizunguka mara moja, umeme unazunguka mara 7). Dyuti (sehemu ya kipindi cha PWM ambayo swichi ya juu imewaka) ikipita 93%, vipimo vya mkondo vinaruka hadi ulinzi unakata. Kati ya nyaya mbili nimepima mH 0.4 na Ω 0.6. Dedi-taimu (muda ambao swichi ya juu na ya chini zote zimezimwa) ni µs 1. Kp na Ki (vizidishi vya PI, kidhibiti cha mkondo) ni za kubahatisha. Nianzie wapi?

shunti_safi:
Anza na vipimo, mkuu. Ukiwa na vipimo vya uongo, kitanzi cha mkondo hakitatulia hata ukikirekebisha mwaka mzima.

Shunti ya chini inauona mkondo wa fezi (mojawapo ya njia tatu za umeme za mota) pale tu swichi ya chini ya fezi hiyo imewaka. Kipindi chako ni µs 50, hivyo kwa 93% upande wa chini unapata µs 3.5. ADC (kigeuzi cha volteji kuwa namba) inapimia katikati, yaani µs 1.75 tangu zamu ya chini ianze, na µs 1 kati ya hizo imeliwa na dedi-taimu. Amplifaya ya shunti imepewa µs 0.75 itulie. Weka osiloskopu kwenye pini ya ADC uone mawimbi ya mwanzo yanachukua muda gani kuisha. Mara nyingi ni µs 1 hadi 2.

Dawa: kila kipindi soma fezi mbili zenye dyuti ndogo zaidi, ya tatu ikokotoe, kwa kuwa jumla ya mikondo mitatu ni sifuri. Hiyo peke yake haitoshi, maana vekta ya volteji ikifika mahali fezi mbili ziko juu kwa pamoja, zote mbili zinakosa nafasi. Kwa hiyo weka pia ukomo wa volteji ili dyuti isipite 90% hivi, na ukomo huohuo uzuie kijumlishi cha PI (sehemu ya Ki) kisiendelee kujaa.

giza_fupi:
Mtetemo wa mara sita ni dedi-taimu. Piga hesabu: 1/50 × 24 V = 0.48 V inapotea kila fezi. Mkondo wa 2 A mwendo mdogo unahitaji 0.6 V tu! Kosa linageuka alama kila mkondo unapovuka sifuri. Fezi tatu, mara mbili kila moja, ndiyo sita zako.

Kwanza punguza dedi-taimu hadi pale mosfeti (swichi) zako zinaporuhusu, ukiangalia geti zote mbili kwenye osiloskopu zikiwa na joto la kazi. Kisha ongeza fidia kwa kufuata alama ya mkondo *unaoamriwa*. Uliopimwa una kelele karibu na sifuri. Ndani ya ±0.3 A fidia ipande polepole, usiigeuze ghafla.

mia_kwa_mia:
Acheni kubahatisha Kp na Ki. Vipimo vya nyaya mbili gawa kwa mbili upate vya fezi moja: L = mH 0.2, R = Ω 0.3. Ukitaka kitanzi cha kHz 1, ω = 2π × 1000 = 6283. Kp = L × ω = 1.26 V/A. Ki = R × ω = 1885, ukizidisha kwa µs 50 ni 0.094 kila hatua.

Fidia pia ucheleweshaji wa pembe. Tangu kupima hadi volteji kutoka ni vipindi 1.5, yaani µs 75. Kwa mizunguko 3000 kwa dakika una Hz 350 za umeme, kwa hiyo pembe imeshasogea nyuzi 9.5. Iongeze kabla ya kugeuza vekta kurudi kwenye fezi.

Na tafadhali, weka taima izime PWM pale dibaga inaposimamisha programu. L/R yako ni ms 0.67, volteji ikiganda kwenye koili, mosfeti zinaungua kabla hujasoma rejista moja.

koili_tatu:
Shukrani sana. PI yangu inatoa dyuti moja kwa moja, si volti. Kp inakuwaje?

mia_kwa_mia:
Gawa kwa volteji ya basi (inayolisha swichi): 1.26/24 = 0.0525. Tumia volteji iliyopimwa kipindi hicho. Ukiacha 24 isiyobadilika, betri ikishuka hadi 20 V nguvu ya kitanzi inapungua kwa 17% hivi.