Wakati upo kweli, au ni kiinimacho? Tulinganishe misimamo mitatu

Mdadisi (mwanzishaji wa mada)
Ndugu zangu, naomba tulinganishe misimamo mitatu kuhusu wakati, maana mara nyingi tunabishana bila hata kujua kama tunazungumzia kitu kimoja. Wa kwanza ni wa Newton, aliyeandika mwaka 1687 kwamba wakati halisi hupita kwa mwendo uleule popote, pawe na kitu cha kuupimia au pasiwe nacho. Wa pili unajengwa juu ya kazi za Einstein: jana, leo na kesho zote zipo kwa pamoja, na hisia yetu kwamba muda unapita ni kiinimacho. Wa tatu ni wa Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliyeona kwamba jana haipo tena na kesho haijawa, hivyo tunachokipima hasa ni kumbukumbu na matarajio yaliyomo nafsini. Mimi naegemea wa pili. Einstein mwenyewe, alipoiandikia familia ya rafiki yake Besso mwezi Machi 1955, aliuita mgawanyo wa uliopita, uliopo na ujao kuwa udanganyifu, ingawa ni udanganyifu sugu.

Mwalimu wa Fizikia
Barua hiyo ilikuwa ya rambirambi. Besso alikuwa amefariki siku chache kabla, na Einstein alimfuata mwezi uliofuata. Maneno ya kuwafariji wafiwa nayaheshimu, lakini siyaweki kwenye mizani moja na jaribio. Mwaka 1971 Hafele na Keating walipanda ndege za kawaida za abiria wakiwa na saa nne za atomiki, yaani saa zenye usahihi mkubwa mno, wakaizunguka dunia kuelekea mashariki, kisha kuelekea magharibi. Saa hizo zilipolinganishwa na zile zilizobaki Washington, safari ya mashariki ilikuwa imezichelewesha kwa takriban nanosekunde 59, yaani sehemu 59 za bilioni ya sekunde, na ya magharibi ilikuwa imezitanguliza kwa takriban 273. Hapakuwa na saa mbovu. Kila moja ilihesabu sawasawa wakati wa njia yake yenyewe, kwa kuwa mwendo na kimo huathiri wakati.

Hapo msimamo wa Newton umeanguka. Lakini anayetoka hapo na kutangaza kwamba wakati ni kiinimacho amerukia hitimisho, kwa sababu kiinimacho hakitoi tofauti inayoweza kukokotolewa kwa nadharia na kisha kukutwa kwenye vipimo. Saa za setilaiti za GPS zingetangulia za ardhini kwa takriban mikrosekunde 38 kila siku kama zisingerekebishwa, na ramani ya simu yako ingepotoka kwa kilomita kadhaa ndani ya siku moja. Kilichobatilika ni ile "sasa" moja ya ulimwengu mzima. Wakati wenyewe umebaki.

Bint Maalim
Assalaam alaykum. Namuunga mkono Mwalimu, kwa njia nyingine. Katika Qur'ani Mwenyezi Mungu anaapa kwa wakati katika Surat Al-Asr, na katika Surat Al-Hajj, aya ya 47, tunaambiwa kuwa siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu katika hesabu yetu. Kipimo kinatofautiana, ila hakuna panaposemwa kwamba kinachopimwa hakipo.

Msimamo wa tatu ndio unaonipa shida zaidi. Watu wa Pangoni, wale vijana waumini wa Surat Al-Kahf, walipoamka walidhani wamelala siku moja au sehemu ya siku, wakamtuma mwenzao mjini na fedha yao akanunue chakula, kumbe imepita miaka mia tatu na tisa zaidi. Kama wakati ungekuwa nafsini tu, siku moja ingekuwa ndiyo jibu sahihi. Nafsi zao zilikosea, na lililowezesha zikosee ni kwamba kulikuwa na muda nje yao.

Frateri
Dada, hoja yako ya pango ni nzuri, lakini Augustino hakusema jua limesimama. Alichouliza ni tunaupimaje muda ambao umeshapita na haupo tena, na akajibu kwamba tunaupima rohoni. Yeye huyohuyo alifundisha kuwa Mungu aliumba wakati pamoja na ulimwengu, na hivyo kuuliza Mungu alikuwa akifanya nini "kabla" ni swali lisilo na mahali pa kusimama.

Bint Maalim
Basi hapo anakutana na Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, aliyewajibu wanafalsafa kwamba wakati umeumbwa, na kwamba hiyo "kabla" ya ulimwengu ni kazi ya mawazo yetu tu, sawa na kudhani kuna nafasi nje ya mpaka wa ulimwengu. Kama kiinimacho kipo, kipo hapo.

Mpangaji
Ikithibitika kwamba wakati haupo, naomba mwenye nyumba wangu ajulishwe kabla ya tarehe mosi.

Mdadisi
Nacheka, lakini sijang'oka. Mwalimu, ikiwa watu wawili wanaokwenda kwa mwendo tofauti hawakubaliani ni matukio gani ya nyota za mbali yanatokea "sasa", basi kuna atakayeliweka katika "sasa" yake tukio ambalo mwenzake analiita la kesho. Kesho hiyo itakuwaje haijakuwapo?

Mwalimu wa Fizikia
Kutokubaliana huko kunahusu matukio yaliyo mbali kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka kwenye moja ukafika kwenye jingine kwa wakati. Sababu na tokeo lake hubaki katika mpangilio uleule kwa kila mtazamaji, kwa hiyo hakuna abiria wa chombo chochote atakayekuona unazaliwa kabla ya mama yako. Wapo wanafalsafa makini wanaoufuata msimamo wako, lakini wanaongeza kitu ambacho milinganyo ya Einstein haikilazimishi.

Ukitaka mahali ambapo neno kiinimacho lina uzito, achana na barua ya 1955 uutazame mlinganyo wa Wheeler na DeWitt wa mwaka 1967, uliojaribu kuunganisha mvutano na fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kama atomu. Ndani yake alama ya wakati haimo kabisa, na baadhi ya wanafizikia wanaamini kuwa wakati huchomoza kutoka kwenye kitu cha ndani zaidi kisicho na wakati. Hakuna jaribio lililouthibitisha mlinganyo huo bado.