Stationari yangu iko kwenye Windows 10: nihamie Linux Mint au ninunue mashine nyingine?

MamaNasra_Moro

Wakuu, heshima kwenu.

Nina stationari Morogoro, jirani na chuo. Kazi ni zile mnazozijua: kuprinti ripoti za field na risechi za wanafunzi, kutoa kopi, kuskani vyeti, kuwajazia watu maombi ya Ajira Portal na mikopo ya HESLB, picha za passport, na msimu wa harusi ukifika, kadi za michango. Mashine zangu ni Dell OptiPlex 3020 za mtumba, Core i5 kizazi cha 4, RAM GB 8. Nilizibadilishia diski nikaweka SSD na mpaka leo zinakimbia. Sina ugomvi nazo hata kidogo.

Ugomvi umeletwa na wenye Windows. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipati tena masasisho ya kawaida ya usalama, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya mashine) na prosesa ambayo kwa Intel inaanzia kizazi cha 8. Za kwangu hazifiki hapo hata kwa kuombewa. Fundi wangu kanishauri nizitoe zote ninunue nyingine, ambazo kwa bahati nzuri anaziuza yeye mwenyewe. Bei aliyonitajia ni hela ya rimu za muhula mzima.

Sasa binti anayenisaidia kaunta anatumia Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwenye laptopu yake, na anasema tuhamie huko. Nimeiangalia, ina menyu kule chini kushoto, ina mafaili, ina Firefox, sikuona cha kunitisha. Lakini laptopu ya mwanafunzi si stationari. Mimi mteja akisimama kaunta na tiketi ya basi la saa nane, sina muda wa kumwambia subiri nitafute draiva.

Ninachoogopa hasa ni printa. Nina HP LaserJet P1102 ya nyeusi na Epson L3210 ya rangi ambayo ndiyo pia ninaskania. Halafu Word za wanafunzi: mtu ana kurasa mia na jedwali la yaliyomo, ukimvurugia namba za kurasa anakulilia hapohapo. Na kadi zangu zote ziko Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi.

Tafadhali sitaki zile hadithi za "Windows ni ya wagonjwa". Nataka mtu aliyewahi kufungulia duka asubuhi na hiyo Linux.

---

Kiboko_wa_BIOS

Mama, unahangaika bure. Chukua programu inaitwa Rufus, inakutengenezea flashi ya Windows 11 iliyoondolewa hayo masharti ya TPM na prosesa. Fundi yeyote anakupigia kwa nusu saa. Mimi nimewapigia wengi, mashine za kizazi cha 3 na cha 4, zinafanya kazi vizuri tu.

---

fundi_wa_Uyole

Kiboko, inaingia kweli, sikatai. Ila Microsoft wenyewe wamesema mashine isiyotimiza masharti haina haki ya kupata masasisho, kwa hiyo anaweza kupata leo na kesho akanyimwa, na hakuna wa kumlalamikia. Kama ni kusogeza muda tu, ipo njia iliyo halali zaidi: mpango wa masasisho ya ziada ya Windows 10, unaofika Oktoba 2026. Unaingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao, hulipi kitu. Usipotaka hivyo unalipa dola 30. Lakini hiyo ni kuahirisha, Mama Nasra atarudi hapa na swali lilelile.

Mama, mimi nina stationari Mbeya na ni fundi pia, kwa hiyo nakujibu nikiwa upande wako wa kaunta. Mashine zangu za mbele zote ni Mint. Ya nyuma ni Windows. Nitakueleza kwa nini.

Anza na printa, na zijaribu kabla hujafuta chochote. Pakua Mint toleo la 22 (faili ni karibu GB 3, tumia bando la usiku), iweke kwenye flashi kwa Rufus hiyohiyo ya Kiboko, chomeka, washa mashine ukibonyeza F12 na uchague flashi. Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Hapo chomeka printa zako moja moja na uprinti. Zikigoma, unazima, unachomoa flashi, unarudi kwenye Windows yako kama ulivyoiacha.

HP P1102 ina tabia yake. Mint ina programu za HP tayari, lakini modeli hiyo inahitaji kipande cha ziada kutoka HP, la sivyo itaonekana kwenye orodha na karatasi haitoki. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika hp-plugin, kubali masharti, subiri kipakuliwe. Ni mara moja tu kwa kila mashine. Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kusema Linux haina printa. Epson L3210 kwa kuprinti haina maneno, na kwa kuskani pakua Epson Scan 2 ya Linux kutoka kwa Epson wenyewe, ile ya .deb, yaani faili la kuwekea programu kwenye Mint. Sura yake inafanana na ya Windows, binti yako hatahangaika.

Kuhusu Word. LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, inafungua docx (faili za Word), lakini ukifungua risechi ya mtu na kuprinti moja kwa moja unacheza kamari. Sababu kubwa ni fonti. Times New Roman na Arial si mali huria, kwa hiyo LibreOffice inaweka mbadala zinazoitwa Liberation, ambazo upana wa herufi zake umepimwa ulingane na wa zile za asili, ili mistari isihame. Calibri nayo ina mbadala wake, Carlito. Tatizo ni wanafunzi wenye Office mpya: fonti yao ya kuanzia siku hizi ni Aptos, na hiyo haina pacha. Hapo ndipo kurasa zinapohama na jedwali la yaliyomo linapotaja ukurasa usio wake. Weka kifurushi cha ttf-mscorefonts-installer upate Times New Roman yenyewe, maana vyuo vingi ndiyo wanayoidai. Weka na OnlyOffice, mimi naiona inaelewana na docx kuliko LibreOffice. Na juu ya yote, bandika karatasi ukutani: LETA KAZI YAKO IKIWA PDF. Mwanafunzi anaigeuza kwenye simu yake kabla hajafika kwako, na kikihama kitu ni juu yake, si juu yako. Hili ungelifanya hata kama ungebaki Windows.

Sasa uhondo. Flashi za wanafunzi. Unajua kile kirusi kinachoficha folda zote na kuacha njia za mkato, mtu anabonyeza "RISECHI" na mashine yako imeshaambukizwa? Kwenye Mint zile njia za mkato ni takataka tu, hazifanyi kitu, na folda iliyofichwa inaonekana palepale kwa sababu Linux haijali ile alama ya kuficha ya Windows. Mteja anafika amekata tamaa, anadhani kazi yake imepotea, wewe unaichomeka na unamwonyesha. Mimi hiyo ni huduma na nailipisha. Ila ukimrudishia flashi bila kuisafisha atakwenda kuambukiza kwa jirani, kwa hiyo futa hizo njia za mkato.

Jambo jingine ambalo fundi wako hatakwambia. Nenda kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia, sehemu ya watumiaji, uruhusu kipindi cha mgeni. Mteja anayetaka kukaa mwenyewe anaingia kama mgeni, na akitoka kila alichofungua kinafutika: nywila ya Ajira Portal, cheti cha kuzaliwa, kila kitu. Sote tumeona barua pepe za watu zimeachwa wazi stationari.

---

MamaNasra_Moro

Fundi, ubarikiwe. Hilo la flashi peke yake limenivuta. Kirusi cha kuficha folda ndicho kinachonifanya nipige Windows upya kila muhula.

Lakini umenikimbia kwenye Publisher. Na mbona ya nyuma umeiacha Windows?

---

fundi_wa_Uyole

Sijakimbia, nilikuwa na mteja.

Publisher ndiyo sababu ya ile ya nyuma. Haina toleo la Linux. LibreOffice Draw inafungua faili za .pub, lakini kadi yenye maua pembeni na maandishi yaliyopindwa itafunguka imekaa vibaya na utaipanga upya. Photoshop nayo ni vilevile, usimsikilize anayekuambia inawekwa kirahisi kwa Wine, ile programu ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux. Kwa hiyo acha mashine moja na Windows 10, ichomoe intaneti kabisa, ifanye kadi na picha tu. Kinachotoka humo kinatoka kama PDF, kinaprintiwa mbele.

Ila usijenge nyumba juu ya Publisher. Microsoft wametangaza kuiacha Oktoba 2026. Kadi mpya anza kuzitengeneza kwa kitu kingine, Canva kwenye Firefox au Inkscape, programu ya kuchorea, ukipenda. Picha za passport GIMP, programu ya kuhariri picha, inazimudu.

---

Kisauni_Cyber

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu biashara hii twaiita saiba lakini kazi ni ile ile, isipokuwa badala ya HESLB sisi tuna HELB na badala ya Ajira Portal tuna eCitizen. Zote ni kurasa za mtandao, kwa hivyo Firefox au Chrome kwenye Mint yatosha.

Palipotushinda ni ritani za KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Mwezi wa Juni foleni yafika barabarani kwa sababu mwisho ni tarehe 30. Mtu mwenye biashara anajaziwa faili la Excel lililojaa makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), na makro hizo ziliandikwa kwa Excel ya Microsoft. LibreOffice sikuiaminia kazi ya ushuru wa mtu. Nimewacha kompyuta mbili zina Windows kwa ajili hiyo. Mama Nasra, kama wafanya hesabu za watu kwa Excel ya makro, tazama hapo kwanza. Kama ni daftari la madeni la kujumlisha na kutoa, halina shida.

Na kitu kimoja fundi hakukitaja: bando. Windows ilikuwa yajipakulia masasisho mchana, wateja wakiwa wamejaa, intaneti yakwama. Mint inakuonyesha kwamba kuna masasisho na kungoja wewe uamue. Sisi twayafanya usiku tukishafunga.

---

Mwl_Maabara

Nachangia kidogo tu. Mama anachapa barua za Kiswahili bila shaka, za maombi ya kazi na za serikali za mtaa. Weka kifurushi cha hunspell-sw, kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, kisha kwenye LibreOffice chagua lugha ya Kiswahili cha Tanzania. Ule mstari mwekundu chini ya kila neno utaondoka, utabaki kwenye makosa ya kweli. Kamusi yake si kamilifu, maneno marefu yenye viambishi vingi inayakataa, lakini ni afadhali kubwa.

Na wasiodhani kwamba hizi programu zina uhusiano na sisi: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili tangu 2004, ikaitwa Jambo OpenOffice. LibreOffice ni uzao wa OpenOffice hiyo.

---

Kiboko_wa_BIOS

Sawa, nimesoma yote. Bado nasema Windows 11 ya Rufus ingemtosha, mteja mwenyewe akikaa pale kaunta ameizoea. Mtu wa miaka hamsini ukimfungulia Mint atakuuliza Start iko wapi.

---

MamaNasra_Moro

Kiboko, mimi mwenyewe nina miaka hamsini na ushei na nimeiona ilipo.

Nimeamua hivi. Jumamosi tukishafunga, mimi na binti tunaanza na mashine ya mlangoni kwa flashi, tunaprinti na kuskani mpaka turidhike. Ya nyuma inabaki Windows kwa kadi, na waya wa intaneti nauchomoa leo. Mashine nyingine zitasubiri wanafunzi wafunge chuo, siwezi kujaribu vitu wiki ya kukabidhi risechi. Hesabu zangu ni za madeni tu, hazina makro.

Swali la mwisho. Kila mashine ina C na D, na D ndiyo yenye mafaili ya wateja. Nikiweka Mint, D inafutika?

---

fundi_wa_Uyole

Inategemea utakachobonyeza. Wakati wa kuweka, itakuuliza kama ifute diski nzima. Ukikubali, C na D zote zimekwenda. Chagua lile la mwisho kwenye orodha, la kupanga mwenyewe, uielekeze Mint kwenye nafasi ya C, na D usiiguse. Mint inaisoma D ya Windows vizuri. Lakini nakusihi, kabla ya yote nakili D kwenye diski ya nje, hata kama ni ya kuazima.

Na Windows uizime kikamilifu kabla ya kuanza, maana kwa kawaida inajilaza nusu ili iwahi kuwaka kesho yake, na ikiwa imejilaza hivyo Mint itaisoma D lakini itakataa kuandika humo. Shikilia Shift unapobonyeza Shut down.